Mlango Uliotazama Kwao

"Mlango hauulizi kwenu, huuliza upepo." Mmeuliza msemo huu umetoka wapi. Basi sogeeni. Methali hii ilianza kwa ugomvi, na ugomvi wenyewe ulikuwa umeshapamba moto.

"Nimesema mlango haugeuki!" Mahona alifoka.

"Na mimi nasema mbegu hazipandwi ndani ya kibuyu!" alijibu Nyanzobe, mkewe, akimmwagia miguuni mtama uliokwisha kuota mizizi.

Hao wawili ndio waliokuwa wa kwanza kuhamia nyika ya Itamba. Walitembea siku kumi na moja na ng'ombe wanne. Mbung'o wakawamalizia watatu. Jirani wa karibu alikuwa fisi. Mahona alijenga kwa desturi ya kwao: anayehama huelekeza mlango alikotoka, ili mizimu ya wazee isipotee njia. Kwao kulikuwa mashariki. Mvua za Itamba nazo zilitoka mashariki. Kila tufani iliingia bila hodi, ikazima moto na kulowesha vibuyu vya mbegu vilivyoning'inizwa juu ya moshi.

Kibuyu cha kwanza kilioza. Cha pili ndicho hicho kilichomwagwa. Kilibaki kimoja. Kikiharibika hicho, hakuna cha kupanda, ni kurudi mikono mitupu kwa shemeji zake Nyanzobe, waliowaaga kwa kicheko: "Tunawawekea ugali, mtarudi kabla haujapoa!"

Nyanzobe aliona heri ale udongo kuliko ugali ule.

Pembeni alijibanza mpita njia aliyelala humo usiku wa tufani, mrina asali aliyeitwa Kapongo, maji yakimchuruzika masikioni.

"Mama," alisema, "nimelala mapangoni miaka mingi, sijapata kulowa hivi."

"Mgeni, kunywa uji wako," Mahona alimkata.

"Umeingia maji, mzee."

Mahona akamgeukia mkewe, sauti imeshuka. "Nikiugeuza, marehemu baba atatupataje?"

"Baba yako alifuata nyayo za ndama siku tatu porini, akarudi naye. Leo ashindwe kuzunguka nyumba?"

Mahona alitaka kukasirika. Lakini akilini alimwona marehemu baba yake akizunguka ukuta, fimbo mkononi, akigomba peke yake kama kawaida yake. Kicheko kikamponyoka.

Ngurumo ikasikika mashariki. Nyanzobe hakungoja neno jingine. Alitwaa jembe, akaupiga ukuta wa magharibi. Udongo ukaporomoka, fito zikabaki wazi kama mbavu.

"Usisimame kama mgomba," alimwambia mumewe. "Ziba huko!"

Mahona akachukua panga. Fito zilizokatwa kwenye tundu jipya akazifunga kwenye mlango wa zamani, Kapongo akikanda udongo kwa miguu. Lilipobaki tundu la kutosha kichwa, Mahona alichungulia nje, akaita kwa sauti kuu:

"Baba! Pitia nyuma!"

Kisha akaliziba.

Mvua ikafika. Ilipiga ukuta, ikapiga tena, ikakosa pa kuingilia. Ndani moto uliwaka chini ya kibuyu kimoja kikavu.

Mtama mnaoula leo ulitoka humo. Ugali wa mashemeji ulipoa, ukaota ukungu. Na kila mhamiaji aliyefika Itamba, kabla hajachimbia nguzo ya kwanza, alimkuta Nyanzobe amesimama mbele yake, jembe begani: "Mlango hauulizi kwenu, huuliza upepo."