Nani Mwenye Neno la Uwanja wa Punda?

Sogeeni. Hii si ya kulalia, ni ya kugombania. Mwenye usingizi aende zake, mwenye ulimi abaki.

Mji wa Mkunguni, mtaa wa Juu, palikuwa na ndugu watatu, baba mmoja mama mmoja. Watu wazima, kila mmoja na nyumba yake. Na kila mmoja alikuwa na chake alichopewa na Mungu.

Mwanatumu, wa kwanza, alipewa mkono. Punda akija kwake kwa miguu mitatu, huondoka kwa minne.

Famau, wa kati, alipewa ulimi. Huyo angemwomba bahili chumvi, akarudi na chumvi, samaki, na bahili mwenyewe amembebea.

Lali, kitinda mimba, alipewa makalio. Mnacheka nini? Makalio ya kukaa juu ya punda asiye na tandiko, punda aruke, apige teke, ajigaragaze, Lali yuko palepale kama kovu.

Sasa, Mkunguni kulikuwa na uwanja wa mbio za punda. Aliutoa babu yao wa zamani, Bwana Shali, akauweka mikononi mwa chama cha mbio cha mitaa miwili, Juu na Bondeni. Lakini aliutoa kwa sharti. Kila mwaka, mwezi wa Maulidi, punda mmoja wa Juu na mmoja wa Bondeni waondoke pamoja, na wote wawili wafike. Mwaka ukipita bila mbio, uwanja unarudi kwa ukoo, ugawanywe. Na jambo la pili: yule aliyefanya mbio za mwaka huo ziwezekane, huyo ndiye mwenye neno la uwanja mpaka mbio nyingine. Akisema uuzwe, unauzwa. Akisema usiguswe, haukatwi hata jani.

Zamani nani alihangaika na neno hilo? Punda walikuwa wengi kuliko watu. Kisha zikaja pikipiki, zikaja gari ndogo za mizigo, punda wakawa wanauzwa bara. Chama kikabaki jina. Banda la mabati la kukalia watazamaji likaanguka, na kombe la mshindi mke wa katibu akalifanya la kutekea maji. Mbio zenyewe zikawa za punda wawili wachovu na watu wachache wa kupiga makofi.

Hapo ndipo tajiri mmoja wa hoteli alipouona ule uwanja, na bahari iko mbele yake. Akamwendea mkubwa wa ukoo, Ami Shekuwe, ndugu wa baba yao hawa watatu. Ami akaanza kutembea mjini na kanzu mpya, kama mtu ambaye ameshazika na kurithi.

"Ami," Lali akamuuliza barazani, "na mbio je?"

"Mbio za nini? Za kuku? Mna punda gani nyinyi?"

Na kweli. Mtaa wa Juu punda wa kukimbia alibaki mmoja tu, jina lake Haambiliki. Na Maulidi yalipoingia, Haambiliki akakanyaga msumari wa lile banda lililoanguka. Mguu ukavimba kama papai.

Ami Shekuwe akaja kumtazama. Akatikisa kichwa kwa huzuni, na meno yote yako nje.

"Maskini mnyama. Mpelekeni jaani mkamtupe, msimtese."

Mwanatumu alikuwa amechuchumaa, mguu wa punda uko mapajani mwake. Hakuinua hata kichwa.

"Ami, jaani pana nafasi ya mmoja tu. Ukiona pazuri, nenda wewe."

Akaukwangua ukwato, akatoa usaha, akauloweka kwa maji moto ya chumvi, akaufunga kwa kanga yake mwenyewe, ile ya harusi. Asubuhi yuko zizini, adhuhuri yuko zizini. Mumewe akachoka.

"Wewe mwanamke, umeolewa na mimi au na punda?"

"Punda hajaniuliza chakula kiko wapi."

Mumewe akaenda kujipikia uji. Na punda akasimama. Kwanza akagusisha ukwato chini kama mtu anayejaribu maji ya kuoga, kisha akatembea, kisha akamuuma mumewe Mwanatumu. Watu wakasema, alhamdulillahi, amepona.

Lakini punda mmoja hashindani na kivuli chake. Punda wa pili alikuwa Bondeni, na Bondeni na Juu walikuwa hawasalimiani. Kisa kilikuwa pilau. Zamani palikuwa na harusi Bondeni, watu wa Juu wakapelekewa sinia lao, wakalirudisha mbele ya wageni wakisema wali mbichi. Basi. Tangu siku ile hawazikani, hawaoleani. Bondeni walikuwa wanaleta punda wao kwa chuki tu, ili wawashinde watu wa Juu, na mwaka huu hata chuki iliwaishia. Mkubwa wao, Bwana Kubo, alisema wazi: "Uwanja na uuzwe. Watu wa Juu wakalie mchanga."

Famau akaenda Bondeni peke yake, mchana kweupe. Akaketi kwenye kizingiti cha Bwana Kubo.

"Nimekuja kula pilau," akasema.

"Pilau yetu mbichi, si mlisema?"

"Iletwe mbichi hivyohivyo."

Ikaletwa. Akala. Akaomba tena. Akalamba vidole mbele ya mtaa mzima uliokuwa umejazana mlangoni. Kisha akasema, "Sasa niitieni wanawake waliopika siku ile, walio hai, nao wasikie. Wali ulikuwa umeiva. Sisi tulisema uongo. Harusi yenu ilikuwa nzuri kuliko zetu, tukashikwa na wivu."

Bibi mmoja akaanza kulia, na bibi huyohuyo akamrushia Famau kandambili. "Mlingoja nizeeke ndiyo mseme!"

Akapata punda. Jina lake Sina Deni. Lakini aliporudi Juu, mtaani kwake, hakuna aliyempokea. "Umetuuza kwa sahani ya pilau!" wakamwambia. Mama mkwe wake akamfungia mlango.

"Afadhali mimi niliyewauza kwa pilau," akasema Famau, "kuliko Ami atakayewauza kwa hoteli, na hiyo pilau ya huko hamtaionja."

Siku ya mbio ikafika. Watu walikuja wengi kuliko miaka yote, maana ugomvi ukinoga hakuna anayebaki nyumbani. Wakakuta katikati ya uwanja, kutoka ukuta mpaka ukuta, pamemwagwa malundo ya mchanga. Ami Shekuwe amesimama kando na mwamvuli.

"Vifaa vya ujenzi," akasema. "Vimewahi kidogo tu. Piteni juu, nani kawazuia?"

Lali akampanda Haambiliki. Kijana wa Bondeni, Chande, akampanda Sina Deni. Wakaachiwa. Wakatoka vumbi tupu, wanawake wanapiga vigelegele. Wakafika kwenye malundo, na punda wote wawili wakasimama. Tuli! Masikio yameinama, mgongo umenyooshwa.

Chande akapiga mateke, akavuta masikio, akamtukana punda mpaka na mama yake punda. Wapi! Ami akacheka hadi mwamvuli ukatetemeka. Yeye alidhani mchanga umewachosha miguu.

Lali hakupiga. Lali alikumbuka hawa punda ni kina nani. Maisha yao yote ni punda wa kubeba mchanga wa fundi. Tangu wakiwa wadogo wamefundishwa: ukiona lundo, simama, ngoja upakiwe. Hawakuchoka hawa. Walikuwa wanangoja mzigo!

Akateremka, akavua fulana, akaifunga mafundo, akajaza mchanga, akamtupia Haambiliki mgongoni. Akarukia juu, akampiga makofi mawili ya shingoni kama wapakizi wanavyopiga, akapaza sauti: "Twende kwa fundi!"

Haambiliki akapasua lundo kama maji.

Lali angeweza kwenda zake, ashinde. Lakini sharti ni punda wawili wafike. Akageuka, akapiga kelele: "Chande! Vua shati, mpakie! Anangoja mzigo huyo!" Chande akavua, akapakia, akasema twende kwa fundi. Na Sina Deni, ambaye hakuwahi kuumia mguu, akaondoka kama jiwe la kombeo. Akampita Lali mwishoni kabisa.

Ndiyo, Bondeni walishinda. Watu wa Juu walishindwa, na wakabebana mabegani, maana punda wote wawili wamefika. Ami alifunga mwamvuli wake.

Mnadhani yameisha? Ndiyo kwanza yanaanza. Tajiri wa hoteli alikuwa pale pale, amekuja na gari lake kutazama mali. Akasema bei yake haijabadilika, anataka jibu siku hiyohiyo. Ni nani mwenye neno?

Ndugu watatu wakatazamana. Maana hawakuwa wameulizana, kumbe kila mmoja ana lake.

"Uwanja hauuzwi," akasema Mwanatumu. "Hata pa kuzika paka. Leo Juu na Bondeni wamekaa pamoja mara ya kwanza tangu ile pilau. Tukiuuza watakutana wapi, mahakamani?"

"Tuuze upande wa bahari tu," akasema Famau. "Punda hakimbii baharini. Tununue punda wengine, tujenge banda, chama kiwe chama. Chama hakili sifa, dada."

Lali akafuta mchanga usoni. "Tuuze wote," akasema.

Watu wakaguna. Yeye! Aliyetoka kuuokoa!

"Mimi ndiye niliyekaa juu yake. Nimezisikia mbavu za Haambiliki. Mwaka ujao hakimbii, na mwingine hatuna, na tukimnunua, nani atampa kazi? Mwaka mmoja tu tukikosa mbio, Ami anachukua uwanja bure, na Bondeni hawapati kitu kwa sababu si ukoo. Leo neno liko kwetu. Tuuze tukiwa tumesimama, tugawane sawa kwa sawa na Bondeni. Sitaki kusubiri nishindwe."

"Neno liko kwetu au kwangu?" akasema Mwanatumu. "Bila mkono wangu ungepanda nini, mbuzi?"

"Na bila ulimi wangu," akasema Famau, "angeshindana na nani? Mimi nimefungiwa mlango na mama mkwe kwa ajili ya uwanja huu!"

"Na bila makalio yangu," akasema Lali, "punda wenu wawili mpaka sasa wangekuwa wanangoja kupakiwa."

Ami Shekuwe akaingilia. "Haya, wagombane wanaume wawili. Neno la uwanja halijawahi kushikwa na mwanamke."

Mwanatumu akamsogelea mpaka mwamvuli ukarudi nyuma.

"Na ule ukwato uliooza haujawahi kushikwa na mwanamume. Ulikuwa wazi, Ami. Nani alikukataza?"

Wanawake wa Bondeni na wa Juu wakapiga kigelegele kimoja.

Tajiri akatazama saa yake. "Mimi nataka mtu mmoja. Mwenye neno ni nani?"

Wakajibu kwa pamoja, wote watatu: "Mimi."

Haya, nyinyi mliokaa hapa. Bila Mwanatumu, hakuna punda. Bila Famau, hakuna mwenzake. Bila Lali, hakuna kufika. Na mtu asiniambie "wote watatu," maana huyo anakimbia ugomvi. Haiwezekani kwa siku moja uwanja uuzwe wote, usiuzwe kabisa, na uuzwe nusu. Neno ni moja, na yule mtu wa hoteli amesimama anangoja.

Je, wewe ungempa nani? Sema kwa sauti, nikusikie, na anayepinga asimame.