Jini wa Binti Raihana na Chetezo cha Udi

Zama zile majini walipokuwa wakipita sokoni na kuamkiwa kama majirani, mji wa Raudha ulitawaliwa na Sultani Ghalibu bin Nasibu, mtu mwenye haiba na enzi, aliyefiwa na mkewe miaka miwili nyuma na kuachiwa binti mmoja tu, Raihana, wa miaka mitano. Na binti huyo alikuwa na jini wake. Kila alipokasirika, jini alichomoza kwenye mkono wa kanzu yake, mwekundu, nywele zimemsimama, akavunja mabilauri na kuchana mapazia na kuwatupia watumishi tende za uso. Na ilikuwa desturi ya kasri lile kwamba kilio cha mtoto wa Sultani kisisikike mjini. Basi Raihana akianza tu kulia, Waziri Jauhari aliamuru ngoma arobaini zipigwe, na kila zilipopigwa jini alirefuka dhiraa moja.

Aliyezichukia ngoma hizo ni Bi Shuena, mwanamke aliyefukiza nguo za kasri kwa udi. Katika chumba chake cha moshi alikisikia kile kilio chini ya ngoma, na mkono wake ukasimama juu ya makaa. Hakujaliwa mtoto, na huyu wa watu alimpenda hata akajionea haya.

Alhamisi moja, jua la asubuhi likiwa limejaa ukumbini, jini alirefuka mpaka kichwa kikagusa dari. Waziri akainama, akasema, "Ee Maulana, binti na ahamishiwe kwenye ngome ya jangwani kesho baada ya swala ya Ijumaa, akae huko hata jini amtoke." Sultani akalia machozi, na akakubali.

Habari zilipomfikia Bi Shuena, koleo lilimdondoka. Akabeba chetezo chake kikifuka moshi, akapanda ngazi bila ruhusa ya mtu, akaingia katikati ya ngoma.

"Hebu nyamazisheni hizo!"

"Mwanamke, una wazimu?" akafoka Waziri.

"Huenda ninao. Lakini nyamazisheni."

Wapiga ngoma, ambao viganja vilikuwa vikiwauma tangu alfajiri, walitii upesi kuliko walivyowahi kumtii Waziri. Kukawa kimya. Raihana alikuwa amesimama miguuni pa jini, ngumi amezikunja. Bi Shuena akachutama mbele yake.

"Umekasirika, mwanangu."

"Ndiyo!" Jini naye akanguruma.

"Umekasirika sana."

"Sana sana sana!"

"Nani kakuudhi?"

Mtoto akaduwaa, kwani hilo hakuwahi kuulizwa. "Wameifua," akasema. "Shela ya mama. Kila siku naificha, na leo wameifua kwa sabuni. Haina mama tena."

Bi Shuena akakisogeza chetezo karibu na mtoto. Shela ile aliifukiza yeye kwa mikono yake, miaka saba, kwa udi na sandali na waridi kidogo. "Ningekuwa wewe, ningekasirika vilevile," akasema. "Kukasirika ruhusa. Kuwatupia watu tende, hapana. Njoo unuse. Vuta polepole, kama unamtafuta mama ndani ya moshi. Haya, sasa puliza makaa, taratibu, majivu yasiruke."

Raihana akapuliza kwa ghadhabu, na majivu yote yakamwishia Bi Shuena usoni, na jini akacheka. Akanusa tena, akapuliza tena, na moshi ukawazunguka wote wawili, ukumbi ukawa kama umesinzia, na kwa kila pumzi jini alipungua dhiraa moja, hata akawa kama mtoto wa paka, akapiga miayo, akaingia kwenye mkono wa kanzu. Ndipo Raihana akapanda mapajani pa Bi Shuena, akalia, na hakuna aliyepiga ngoma.

Sultani aliyaona yote. "Kumbe ni shela!" akamgeukia Waziri. "Miaka miwili umenipigia ngoma, nikakaribia kumfukuza mwanangu!" Akachomoa upanga. Na hapo, wallahi, ndani ya joho lake akatoka jini mwingine, mpana, mwenye ndevu na kilemba kabisa, na watu wakatimua mbio, wengine wakasahau viatu.

Raihana hakukimbia. Alikiinua chetezo kwa mikono miwili.

"Baba, umekasirika."

"Nimekasirika!"

"Kukasirika ruhusa," akasema mtoto. "Sasa nusa."

Sultani akamtazama binti yake, akashusha upanga. Akanusa, akapuliza, majivu yakamjaa ndevuni, na jini wake naye akapungua, akarudi ndani ya joho.

Habari ya ngome haikutajwa tena. Waziri alibaki na kichwa chake, akapewa kazi ya kupuliza makaa katika chumba cha moshi, na husemekana alipendeza zaidi huko. Shela ikafukizwa upya. Zile ngoma zilipigwa mara moja tu baada ya hapo, siku ya harusi ya Sultani na Bi Shuena, aliyeposwa mara mbili akakataa, na mara ya tatu akakubali, kwa kuwa mposaji alikuwa Raihana mwenyewe. Bi Shuena akatunzwa makasha ya udi na hariri yasiyo na idadi. Basi wewe mwenye mtoto, akifoka usikimbilie ngoma. Chutama, umuulize.

Na yule jini mwekundu hakufa. Bado hulala kwenye mkono wa kanzu, na akiamka, Raihana humuuliza kwanza nani kamuudhi.