Nyamizi na Mashine za Benki

Benki ilimshtaki mwenye kiwanda cha mkonge ili ichukue mashine zake kwa deni. Wafanyakazi wakaona mishahara yao ya miezi minane inakwenda na maji. Nyamizi, katibu wa chama chao, akaomba mahakamani waunganishwe kwenye kesi.

Wakili wa benki akacheka. "Mama, hii ni kesi ya wenye mali. Nyinyi mna nini mle ndani?"

"Hatuna kitu, baba. Kwani mashine ni za nani?"

"Za benki! Tangu Januari, jamaa aliposhindwa kulipa. Mpaka misumari!"

"Makubwa! Na nani anazipaka grisi?"

"Si nyinyi? Zikishika kutu nitamuuzia nani?"

"Na anayezilinda?"

"Wenzako haohao! Usinichoshe, mama."

Nyamizi akamgeukia hakimu, akainama kwa adabu. "Mheshimiwa, naondoa ombi. Kumbe tangu Januari tunaifanyia kazi benki. Basi mishahara yetu itoke benki."

Wakili aliruka kama aliyekalia siafu. "Mheshimiwa, waunganishwe! Leo hii! Wamdai mwenye kiwanda, tena walipwe wa kwanza!"

"Ahsante, baba," alisema Nyamizi akiketi. "Bosi mwema hasahau watu wake."