Mtamba Mmoja na Moshi wa Kahawia

Hapo zamani, lakini si ile ya fisi kusema, palikuwa na Ambokile wa Tukuyu, mfugaji mpenda sifa. Alitaka mahindi yake yapite ya jirani kwa urefu, akayamwagia mbolea ya kukuzia kama anazima moto. Akayakatakata mabichi, akayashindilia shimoni yawe chakula cha ng'ombe kiangazi, akafunika nailoni. Siku ya pili nailoni ikavimba. Badala ya kuuliza, akafunua pembe moja, akashuka kukanyaga.

Hakupanda tena juu.

Mkewe, Tusekile, akapiga yowe. Akaja Gwamaka mchimba visima. Akaja Mwalimu Lwitiko wa kemia. Chini mule moshi wa kahawia umelala kama mbwa aliyeshiba, na miguu ya Ambokile inaonekana.

Gwamaka akajifunga kamba. Mwalimu akamshika shati.

"Ngoja kwanza."

"Ningoje nini, Mwalimu, arobaini yake?"

"Gesi hii ya mbolea iliyozidi, ikitoka kwenye mahindi haina rangi. Chembe zake mbili zikikutana na moja ya oksijeni, ndipo inageuka kahawia, inachoma mapafu. Zikisongamana, zinakutana upesi. Tukizitawanya, zitatafutana mpaka zichoke. Vuteni nailoni yote."

Wakavuta. Upepo ukaingia, kahawia ikapauka. Gwamaka akabana pumzi, akazama, akamfunga Ambokile kwapani, wakavutwa wote wawili. Ambokile akakohoa mara mbili, akaomba mtindi.

"Mimi mzima," akasema. "Aliyeniponya achukue yule mtamba wangu mwenye mimba."

"Twende hospitali," akasema Tusekile.

"Mtu mzima wa afya anafuata nini hospitali?"

"Anafuata mke wake. Panda."

Akampakia kwenye bodaboda, akakaa nyuma yake kumbana asiruke. Saa kumi alasiri, wodini, mapafu ya Ambokile yakajaa maji. Wakamvika oksijeni haraka. Daktari akasema, "Angebaki nyumbani, mngekuwa mnachimba shimo jingine."

Siku ya tano akarudi, na watatu hao wanamngoja zizini, kila mmoja akidai mtamba.

Gwamaka akasema, "Aliyeshuka ni mimi. Somo halimvuti mtu shimoni."

Mwalimu akasema, "Ungeshuka nilipokushika shati, tungevuta maiti wawili. Shukuru shati."

Tusekile akasema, "Nyie mlimtoa shimoni mkamwacha afe na mtindi mdomoni. Kaburini nimemtoa mimi."

Gwamaka akacheka. "Shemeji, mtamba si yuko kwako tayari?"

"Yuko kwangu, ndiyo. Namkatia majani, nazoa mavi yake. Nitajie ng'ombe mmoja humu mwenye jina langu."

Ambokile akatazama kwato za mtamba, kana kwamba jibu limeandikwa pale.

Na msiniletee habari za kugawana: mtamba hakatwi mapande, na ndama wake ana shingo moja tu. Haya, nyie wenye midomo mirefu, Ambokile amkabidhi nani?