Kadi Isiyo na Jina

Jongeeni karibu, na mwenye usingizi akanawe uso kwanza, maana nikimaliza nitawauliza ninyi.

Katika zahanati ya Kwemkole walikuwapo wanawake watatu waliotunza kadi za wagonjwa. Bi Hidaya alikuwa na kipaji cha uvivu. Msicheke, uvivu wake ulikuwa na akili. Bi Semeni hakuweza kuvumilia kitu kilichojaa pomoni kando ya kitu kitupu. Hata akikumiminia chai, atapunguza yako amwongeze mwenzako. Mwanaidi alikuwa na miguu. Majina hakujua kuyasoma, ila tarakimu alizijua zote, na kilima alikipanda huku akiimba.

Kwa nini kilima? Baada ya mafuriko, kadi zote elfu arobaini zilihamishiwa stoo ya juu, ngazi themanini na tano. Bi Hidaya na Bi Semeni, na magoti yao mabovu, walibaki chini kusoma. Mwanaidi ndiye aliyepanda na kushuka.

Zamani kila alichokileta kilikuwa na jina moja tu. Akifika chini huwauliza wasomaji, "Tunayemtafuta yuko kabla ya huyu au baada yake?" Akiambiwa baada, anarudi juu kuleta jingine. Kadi moja ilimlia safari kumi na tano. Bi Hidaya alimhurumia mpaka akaona aibu.

"Mwanangu, ukishapanda kilima usirudi na jina moja. Rudi na hamsini."

Akatengeneza trei pana. Kila trei ilibeba majina hamsini kwa mpangilio, na kando ya kila jina namba ya trei ya kufuata. Trei ya kwanza ilikaa chini mezani siku zote. Hiyo inakupa namba ya trei ya pili, ya pili inakupa ya tatu, na katika ya tatu ndimo kadi zilimo. Safari mbili, basi.

Ila watu wa Kwemkole wanapenda majina ya Z kupita kiasi. Kila mtoto Zuwena, Zubeda, Ziada, Zawadi. Trei za Z zikajaa, kadi mpya zikawekewa trei za pembeni, na za pembeni nazo zikapata za pembeni. Abasi akawa anapatikana kwa safari mbili, Zubeda kwa tisa.

"Kwani kuitwa Zubeda ni kosa?" akauliza Bi Semeni. Usingizi ulimpaa. Akaweka sheria yake: trei ikijaa, igawe katikati ziwe mbili, na jina la katikati lipelekwe kwenye trei inayotangulia, lionyeshe njia. Hiyo nayo ikijaa, igawe vilevile. Na trei ikibaki na kadi chache mno, iunganishwe na jirani yake. Tangu hapo Abasi na Zubeda wakawa sawa: safari mbili.

Asubuhi moja ya mvua, Zuwena Shemdoe aliletwa akiwa na uchungu, damu inamtoka, kusema hawezi. Jirani aliyemleta alikuwa analia. "Kuna sindano moja nusura imuue mwaka juzi. Ipi, siijui!"

Mkunga akaweka bomba la sindano chini. "Simchomi kitu bila kadi. Nawapa robo saa."

Mwanaidi akapanda. Safari ya kwanza aliteleza, goti likachubuka, lakini trei hakuiachia. Ya pili alishuka kwa makalio, ngazi baada ya ngazi, trei ameifunika kwa khanga yake, yeye mwenyewe chapachapa. Kadi ikapatikana. Dawa ile ilikuwa imeandikwa humo kwa wino mwekundu, na ndiyo hasa mkunga aliyokuwa ameiandaa. Akaiweka kando, akachukua nyingine. Kabla ya adhuhuri mtoto wa kike alilia, na wale watatu wakalia naye.

Siku ya saba Zuwena akaja na mwanawe. "Nataka mmoja wenu awe somo wake. Mtoto achukue jina lake."

"Bila trei zangu," akasema Bi Hidaya, "Mwanaidi angekuwa bado yuko ngazini."

"Na bila mgawo wangu, mwenzangu, Zuwena angekuwa mkiani kabisa."

Mwanaidi akalitazama goti lake. "Na hizo trei zenu zingeshuka zenyewe?"

Wakacheka, wakakumbatiana, lakini hakuna aliyerudi nyuma. Kila mmoja alimtaka mtoto yule kwa moyo wote, nami siwalaumu.

Sasa kadi ya mtoto iko mezani. Imeandikwa siku, uzito na jina la mama. Penye jina lake ni peupe, na kadi isiyo na jina haina trei. Wiki ya sita mtoto atarudi kwa chanjo, na ataulizwa anaitwa nani.

Nafasi ipo kwenye H, ipo kwenye S, ipo kwenye M. Bi Semeni amehakikisha. Mwanaidi amesimama mlangoni na kadi mkononi, anangoja namba. Haya, ninyi mliokaa kimya, mngempa ipi?