Kidevu Kikavu

Kitu cha kwanza alichokiona Phelista alipofika Kitale kuishi na mjomba wake kilikuwa kidevu kikavu. Alikuwa ameketi kwenye kreti la soda karibu na mlango wa duka la kinyozi, hajazoea mtu wala kitu, akiwatazama wanaume waliosubiri zamu zao kwenye benchi. Aligundua kwamba yule aliyepiga soga huku ndevu zake zikiwa kavu ndiye aliyetoka na kipande cha karatasi shavuni cha kuzuia damu. Yule aliyechovya taulo katika beseni la maji moto na kujikanda kidevu mapema, mwenzake angali kwenye kiti, alitoka akijipapasa na kutabasamu. Mkono wa kinyozi ulikuwa ule ule, na ukali wa wembe haukubadilika. Tofauti ilikuwa maji.

Hakumwambia mtu. Phelista alikuwa msichana wa maneno machache, kimya kama maji ya mtungi. Masomo yake yalikatika huko Bungoma akiwa darasa la sita, mama yake alipofariki. Tangu hapo alikaa katika nyumba ya mama wa kambo, akichota maji na kubeba watoto wa watu mgongoni, hadi mjomba Absalom, kaka ya marehemu mama yake, alipokwenda kumchukua.

Absalom alikuwa kinyozi wa mtindo wa zamani. Vinyozi wengine wa mtaa ule walitumia mashine za stima. Yeye alishika burashi, bakuli la povu na kishikio cha wembe, na kila mteja alifunguliwa wembe mpya huku akiona kwa macho yake. Stima ilipopotea na mashine za wenzake zikanyamaza, benchi lake lilijaa pomoni. Alikuwa na sheria moja tu. Alipoanza shavu la pili la mteja mmoja, yule anayefuata alipaswa kuwa amekwisha kulowanisha ndevu zake. Akikuta kidevu kikavu, alimrudisha mwenyewe mwisho wa benchi, hata angekuwa chifu.

"Mwenzako akinyolewa," Absalom alikuwa akisema.

"Wewe tia maji," benchi zima likaitikia.

Phelista peke yake hakuitikia. Midomo yake ilifuata maneno, lakini sauti haikutoka.

Nyuma ya pazia, katika nusu nyingine ya chumba, kulikuwa na kompyuta tatu. Absalom alizinunua baada ya kuuza mahindi ya shamba lake la Saboti na ng'ombe aliowapenda. Watu walikuja kuchapa barua za kuomba kazi na kusoma barua pepe. Phelista aliwekwa hapo kufuta vumbi na kulinda, lakini kwa kutazama na kujaribu alijifunza kazi kama mtoto anavyojifunza kutembea, kwa kuanguka. Mbele ya zile skrini hakuna aliyemuuliza alifika darasa la ngapi.

"Hizi mashine ndizo zinashikilia hii duka, mama," Absalom alimwambia siku moja. Alizoea kumwita mama kwa sababu alifanana na dada yake. "Zikienda, mimi nafunga mlango. Na wewe utarudi Bungoma kwa wale."

Phelista aliitikia kwa kichwa. Usiku ule aliota ndoo za maji.

Mwaka wa 2006, baada ya mvua za masika, Gachanja aliingia dukani akiwa na ndevu za siku nyingi. Alikuwa rafiki ya Absalom, mwenye saiba kubwa, duka la kukodisha kompyuta, huko Moi's Bridge. Hakusalimia mtu.

"Wamebeba zote," alisema, akajibwaga kwenye kiti. "Watu wa hakimiliki. Walianza Eldoret, wakaja kwangu na lori. Programu zangu zote zilikuwa za kunakiliwa. Ati ni wizi."

"Si ungewaambia ulipewa na fundi?" aliuliza Wakoli, mzee muuza mahindi ambaye alikuwa mteja wa kila wiki na mtani wa kila siku.

"Niliwaambia ni Kipkoech aliniwekea. Wakaniuliza kama Kipkoech alinipa risiti."

"Kipkoech? Huyo hata harusi yake hakuwa na risiti."

Benchi likacheka. Gachanja hakucheka. Nyuma ya pazia, Phelista naye hakucheka, kwa maana Kipkoech ndiye fundi aliyeweka programu katika zile kompyuta tatu, na sidii, ile diski ya programu aliyotumia, ilikuwa ile ile aliyozunguka nayo kutoka saiba hadi saiba.

"Hiyo ni maneno ya Moi's Bridge," Absalom alisema akimpaka rafiki yake povu. "Wewe ulikuwa na saiba kubwa, ikaonekana. Mimi niko na tatu tu, tena nyuma ya pazia. Nani ataniona?"

Kinyozi hajinyoi. Mtu aliyewafundisha wanaume wa Kitale kulowanisha ndevu hakuona kwamba barabara ya kutoka Moi's Bridge ilikuwa ikija moja kwa moja hadi mlangoni pake.

Jioni Phelista alijaribu. "Mjomba, sidii ya Gachanja na yetu ni moja."

"Wacha uoga," Absalom alijibu, akiendelea kusafisha bakuli lake.

Phelista alikuwa na sidii nyingine. Alipewa na Mulki, binti ya Issack, mfanyabiashara wa vitambaa karibu na msikiti. Mulki alisoma chuo huko Eldoret, na kila aliporudi likizo alimsindikiza baba yake kunyolewa, kisha akaketi kwenye kompyuta kungoja. Sidii yenyewe, ya programu za kompyuta, ilikuwa ndani ya bahasha ngumu iliyoandikwa ruhusa ya kuitumia, na walioitengeneza waliituma kwa posta bila malipo.

"Hii wameiacha wazi," Mulki alimweleza. "Unaweza kuitumia, kuinakili, kumpa mwingine, hata kufungua ndani uone imeshonwaje. Hakuna mtu atakuja kukushika."

"Mbona waiache wazi?"

"Wameishona wengi. Ni kama harambee. Ukichangia harambee ya barabara, utasema ni yako peke yako?"

Phelista aliipenda hiyo. Lakini alipomwonyesha mjomba wake, Absalom aliigeuza mara moja tu na kumrudishia. "Rahisi huvunja upishi," alisema.

Wiki hiyo hiyo habari zilikuja kutoka Bungoma kwamba binamu ya Absalom wa upande wa baba alikuwa ameaga dunia. Kwa desturi ya Wabukusu, mazishi hayamalizi msiba. Jamaa hungoja siku ya kunyolewa, wakakaa pamoja na kutolewa nywele, ndipo kila mtu arudi kwake. Absalom alifunga mkoba.

"Benchi likae bure mpaka nirudi. Wewe fungua upande wa kompyuta," alisema. "Lakini usiguse ndani. Nikirudi nikute vile nimeacha."

Phelista alizitazama zile kompyuta asubuhi nzima. Alijua adhabu ya mkaidi. Pia alijua lori lilikuwa limekwisha kutoka Moi's Bridge, na halingebisha hodi kuuliza kama mjomba yuko matangani. Akajikaza kisabuni. Alihifadhi kwanza barua za wateja, kisha akaingiza sidii ya Mulki katika kompyuta ya kwanza, halafu ya pili. Ya tatu ilikwama katikati na skrini ikawa nyeusi tii. Alikaa mbele yake roho mkononi, akamwona mama wa kambo na ndoo zake. Akaizima. Akaanza upya. Ikaamka.

Wateja hawakumpigia makofi. Joy, aliyechapa matangazo ya kanisa, alishika kiuno. "Phelista, hii ni nini tena? Umehamisha vitu kama mwenye nyumba anataka nitoke."

"Viko vyote. Keti nikuonyeshe."

Joy aliketi. Wengine hawakuketi. Walikwenda mlango wa pili, kwa saiba ya Jepkosgei, na baadhi yao hawakurudi tena. Wakoli alipita kuchungulia kama kinyozi amerudi, akasimama kwenye pazia. "Ati darasa la sita amekuwa fundi? Ngojeni, kesho atatung'oa meno."

Maneno yale yalimchoma kama pilipili kwenye kidonda. Lakini hakurudisha programu za zamani.

Absalom alirudi amevaa kofia ya sufu ingawa jua lilikuwa kali. Wakoli, aliyekuwa wa kwanza kwenye benchi, alimwomba aivue. Kichwa kilikuwa kimenyolewa, lakini kilikuwa na mikwaruzo kila mahali, kama shamba lililolimwa na mlevi.

"Nani amekufanyia hivyo, bana?"

Absalom alikohoa. "Kuna mama mzee alikuwa ananyoa watu. Sasa mimi nikawa namfundisha vile wembe unashikwa. Wenzangu wote wakatia maji kichwani. Mimi naongea tu. Kufika zamu yangu, maji imeisha."

Benchi lilicheka hadi likainuka upande mmoja. Absalom mwenyewe alicheka. Kisha akafunua pazia, na kicheko kikafia mdomoni.

"Nilisema nini?" aliuliza polepole.

"Ulisema nisiguse."

"Na wewe?"

"Nimegusa."

Benchi zima liligeuka kumtazama. Hakuna aliyewahi kumsikia msichana yule akijibu.

"Kesho Kipkoech anakuja kurudisha kila kitu," Absalom alisema. "Na kama hutaki, basi ya Bungoma unaijua."

"Naijua, mjomba." Phelista alitazama ile mikwaruzo kichwani mwake, si macho yake. "Lakini mimi sirudishi."

Kesho yake Kipkoech alikuja na mkoba uliojaa sidii. Alimkuta Phelista ameketi mbele ya kompyuta, mgongo wake umezigusa, mikono kwenye magoti.

"Sasa, dada. Toka nifanye kazi."

"Fanya ukiwa hapo."

"Absalom, si umwambie?"

Absalom alikuwa amemwinamia Wakoli, aliyerudi kwa zamu aliyoikosa jana, na wembe shavuni. "Phelista, ondoka hapo."

Phelista alitikisa kichwa. Alikaza mikono kwenye magoti, asiinuke.

"Nitakuhesabia," Kipkoech alianza, na hapo ndipo lori liliposimama nje.

Lilisimama mlango wa pili. Walisikia sauti ya Jepkosgei akilia kwamba yeye alinunua mashine kwa jasho lake, kisha vishindo vya watu wanaobeba vitu vizito. Kipkoech alitazama mlango, akatazama mkoba wake. "Nimekumbuka kuna kazi yangu Cheptais," alisema, akatoka kwa mlango wa uani bila kuaga. Wembe wa Absalom ulicheza, na kwa mara ya kwanza katika duka lile, kidevu kilichotiwa maji vizuri kilitoka damu.

"Absalom," Wakoli alisema taratibu, "niue baadaye."

Maafisa wawili waliingia wakafunua pazia. Phelista aliwapisha. Waliwasha kompyuta moja baada ya nyingine, wakafungua hiki na kile. Mmoja wao, mrefu, mwenye ndevu za siku mbili kidevuni, aligeuka.

"Nani ameweka hizi?"

Absalom aliutazama mlango wa uani alikopitia Kipkoech. Ilikuwa rahisi sana kusema ni fundi mmoja aliyepita njia.

"Ni mimi," Phelista alisema.

"Wewe? Risiti iko wapi?"

"Haiuzwi. Soma hapo."

Akampa ile bahasha. Afisa alisoma mbele, akasoma nyuma, akamwonyesha mwenzake. Mwenzake akainua mabega. "Hapa hatuna kitu chetu," alisema yule mrefu, akairudisha. Alipofika kwenye kiti cha kinyozi alijipapasa kidevu. "Mzee, unaweza kunipitisha haraka kabla lori lijae?"

Absalom alimtazama, kisha akatazama zile kompyuta tatu zilizobaki mahali pake. Akanyoosha kidole.

"Mwisho wa benchi. Kidevu kikavu."

Afisa alidhani ni utani, lakini hakuna aliyecheka. Akaondoka.

Absalom aliketi kwenye kiti chake mwenyewe, kofia mkononi. "Ungenikazania, mama," alisema hatimaye. "Ungenishika hata shati."

"Nilikuambia, mjomba. Ulikuwa unaosha bakuli."

Absalom aliivaa tena kofia yake. Aliinuka, akamimina maji moto katika beseni, akaanza kumfuta Wakoli damu. Neno la basi ya Bungoma halikutajwa tena siku ile wala siku nyingine.

Phelista alitoka nje. Lori lilikuwa linaungurumishwa, na Jepkosgei alikuwa ameketi kwenye ngazi yake akiwa ameshika waya uliosahaulika. Ng'ambo ya barabara walisimama wenye saiba wengine wa mtaa ule, wamekunja mikono, wakitazama kama watu wa sinema.

"Jepkosgei alijitakia," mmoja alisema. "Saiba yake iko barabarani kabisa. Yangu iko ghorofani."

"Na mimi natumia mbili tu," mwingine alisema.

Phelista aliwaona kwa jicho lile lile la siku yake ya kwanza kwenye kreti la soda. Aliona safu ya videvu vikavu. Akaiinua bahasha ya Mulki juu ili kila mtu aione, na yale maneno ambayo kwa miaka yote benchi liliyaitikia bila yeye, yakatoka kwa sauti iliyovuka barabara, iliyomfanya Absalom asimame mlangoni na wembe mkononi:

"Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji."