Pomboo Aliyerukaruka Mbele ya Boti

Paukwa!

Pakawa!

Nanyi wakubwa huko nyuma, midomo mmeifunga kwa nini? Paukwa!

Pakawaaa!

Haya, sasa mmeamka.

Hapo zamani za kale, wanyama wa bara walisafiri kwenda pwani kuwatazama pomboo. Alikuwemo Ngiri. Alikuwemo Kanga. Alikuwemo Bibi Paa, mpole huyo, hasemi sana. Nahodha wao alikuwa Kima. Hodari wa maneno, lo!

Boti ikaondoka, tutututu! Mara pomboo huyo, karuka mbele yao, chubwi! Karuka tena, chubwi!

"Anacheza!" Ngiri akapiga kelele.

"Anatukaribisha wageni!" Kanga akadakia.

Kima akacheka. "Huyo ni mama. Mwanawe yuko hapa chini yetu. Mimi nikishakaa juu ya mtoto, mama haendi popote. Ataruka mpaka mchoke kutazama."

Bibi Paa akainuka.

"Nahodha, pomboo si samaki. Lazima aje juu avute pumzi. Huyo mtoto atapumulia wapi?"

"Atajijua."

Mtoto akachomoza. Kima akavurumisha mashine, vruuum! Mtoto akazama. Akachomoza upande wa pili. Vruuum! Akazama. Mama akaja mbio, akajibamiza ubavu kwenye boti, du! Na wale abiria wakapiga makofi. Walipiga, jamani!

"Zima mashine, Kima!" Bibi Paa akasihi.

"Keti, mama. Wenzio wanastarehe."

Mtoto hakuchomoza tena. Bibi Paa akatazama maji. Akangoja. Akatazama huku, akatazama kule. Hola! Kuogelea hajui, nawaambieni. Akajitupa, chubwi!

"Paa anazama! Paa anazama!"

Zogo! Hapo Kima, atake asitake, akazima mashine. Wimbi likaisogeza boti kando. Kimya. Kimya bado. Kisha, pfuuu! Kipua kidogo kikatokea, kinatetemeka. Mama akamwegemeza mwanawe ubavuni, wakaenda zao.

Bibi Paa akavutwa kwa miguu mpaka ndani.

"Umetuharibia safari!" Ngiri akafoka.

Bibi Paa akatapika maji, akaangua kilio. "Mwanangu nimemlaza majanini, peke yake, nije huku kutazama wa mwenzangu akinyimwa pumzi. Nirudisheni! Nirudisheni sasa hivi!"

Kima akageuza boti, wakarudi pwani.

Basi, wenzangu, kabla hujampigia mtu makofi, tazama kwanza kama anacheza au anaomba. Hadithi yangu ndiyo imeishia hapo, na mwenye mtoto amvute karibu.